Mke Mwenzangu Aliyegoma Kurefuka

Mjukuu wangu wa kike ni mke mwenzangu. Huku kwetu Uluguru ndivyo tunavyoitana, bibi na mjukuu, kwa sababu mume wetu ni mmoja, babu yake. Babu mwenyewe alishatangulia siku nyingi, ila ugomvi wetu haujaisha. Akija kunitembelea namwambia, "Wewe mwanamke, umekuja kunipora tena?" Na yeye, mikono kiunoni, "Nipore nini, bibi? Mwanaume mwenyewe ulishammaliza." Ulimi anao. Urefu ndo hakuwa nao.

Na nikisema hakuwa nao, hakuwa nao kweli. Alipofika darasa la saba, ungemweka katikati ya watoto wa darasa la pili, mwalimu mgeni asingemtoa. Akipanda kuja kwangu anapumzika kila penye jiwe, na mikono yake ya baridi hata jua likiwa kali. Wenzake wa rika moja huku mlimani walishavunja ungo, walishafundwa, walishachezwa ngoma wakatolewa nje wamepakwa mafuta wanang'aa. Yeye alikuja kwenye ngoma yao na kigauni chenye malinda, watu wakampa peremende. Alizipokea, akazitafuna, akacheka na wanaocheka. Baadaye nikamkuta nyuma ya jiko ameegemea shina la mgomba, kaweka kiganja juu ya kichwa, anajipima. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, usishindane na mgomba, huo unakua hata ukilala." Akashusha kiganja haraka, akajifuta nacho kwenye gauni. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe jambo hili limemwingia, na kwamba kicheko chake chote kile ni cha kutusaidia sisi.

Niwaeleze watu wangu, msije mkachanganyikiwa kama walivyochanganyikiwa wengine. Nina mabinti wawili. Mkubwa anakaa mjini, Kihonda, ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Hakujaliwa kuzaa. Mdogo yuko huku juu na mie, tunalima ndizi na mdalasini. Mdogo ndo aliyemzaa huyu mke mwenzangu, kisha akazaa na wavulana wawili ambao wao wanarefuka kama watu. Mtoto alipoacha ziwa, mkubwa alipanda mlima akasema, "Huyu naondoka naye." Mdogo mtu akajibu, "Basi mfunge vizuri, njia ina utelezi." Maneno yakaishia hapo. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, huna haja ya kumwomba mtu wala kuapa. Mtoto anawaita wote wawili mama. Akitaka kutofautisha anasema mama wa Kihonda na mama wa juu. Si siri. Hata mbwa wa pale nyumbani anajua.

Baba wa mtoto ni mkwe wangu, na ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo ananiita shangazi. Ni mtu mpole, anaongea kama ana njugu mdomoni na hataki kugawa. Kuoana mtoto wa kaka na mtoto wa dada kwetu ni jambo jema. Ukoo, sisi tunauita lukolo, mtu anaufuata kwa mama yake. Mie na mabinti zangu ni lukolo moja. Kaka yangu naye ni wa lukolo yetu, ila watoto wake ni wa lukolo ya mama yao. Kwa hiyo mkwe wangu na mke wake ni watu wa koo mbili, ni watani, na mtani ukimwoa nyumba haikosi kicheko. Kaka yangu siku ya ndoa ile alicheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Mama wa Kihonda alianza kuzunguka na mtoto hospitali tangu yuko chekechea. Mie nilibaki huku juu, lakini nikisimuliwa jambo nalipokea na sauti zake zote. Kulikuwa na nesi mmoja wa zahanati anayeongea kama anahesabu vifaranga na hataki kupotea hata mmoja: "Mama huyu mtoto anakula nini, mayai anapata, dagaa je, maharage, au ni ugali na mchicha, ugali na mchicha? Chumvi mnatumia ya madini joto? Huyu mbona ana utapiamlo." Na binti yangu, kwa ile sauti yake ya mjini anayoibana ili mlima usitokee: "Sista, huyu anakula kuliko mimi." Nesi akamtazama binti yangu mwili wake, ambao si haba, akageuza maneno.

Tukamlisha mayai. Tukamlisha samaki wa kukaanga, dagaa wa kusaga, uji wa karanga. Mtoto akaniambia, "Bibi, siku nikitaga msishangae." Akanenepa kidogo mashavuni, kimo kikabaki palepale.

Halafu akatokea muuzaji wa pale stendi, mwenye spika begani: "Akina mama sogeeni, usipite mama, seleni, zinki, vitamini zote kopo moja. Mtoto anarefuka, mzee anarudi ujanani, nywele zinaota hata kwenye jiwe." Binti yangu akasogea. Kopo la kwanza likaisha, la pili likaisha. Mtoto hakurefuka, ila nywele zilianza kubaki kwenye kitana na kucha zikawa zinakatika kama maganda ya karanga. Alipokuja huku nikamwona kichwa kimetoka viraka, nikavua kilemba changu nikamfunga.

Ndipo wakafika hospitali kubwa ya mjini, kwa daktari mmoja wa kike, bado kijana. Huyu alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza. Alimshika mtoto shingo, akampiga picha ya mifupa ya kiganja, akatoa damu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitupa kopo. "Seleni ni madini, ni kitu kizuri," akasema, "mwili unaihitaji, ila kidogo sana, na anaipata kwenye chakula. Ikizidi ni sumu. Nywele hizi ndo zinalalamika." Kisha akaeleza kwamba kwenye shingo kuna tezi, inatengeneza dawa ya mwili ya kumkuza mtoto. Kwa huyu dawa inatengenezwa, tena nyingi. Ila haigeuki kuwa ile inayofanya kazi. "Nina wasiwasi kwamba ni jambo la kurithi," akasema. "Ni la nadra. Nataka damu ya mtoto, ya mama na ya baba, zikapimwe vinasaba."

Akasema leteni mama, leteni baba. Mama wa Kihonda si yupo palepale? Akakunja mkono wa gauni, akatolewa damu. Mkwe wangu akateremka kutoka mlimani, naye akatolewa. Daktari akawakalisha pamoja akawauliza, "Samahani wazazi, ninyi wawili mna undugu wowote?" Wakatazamana. Hawa nao ni watani, maana mkwe wangu ni binamu wa wote wawili, dada na mdogo mtu. Wakaanza kucheka. Binti yangu akasema, "Mimi na hili jitu? Hapana daktari. Tunataniana tu." Mkwe wangu akatoa njugu mdomoni akasema, "Koo mbali mbali kabisa." Daktari akaandika.

Hawakudanganya. Waliulizwa, wakajibu lililo kweli, kama ningejibu mie.

Mkwe wangu akarudi juu akamwambia mke wake, "Wamenipima vinasaba." Lo. Huku neno hilo tunalijua kwenye redio tu, kwa wanaume wanaokana watoto. Binti yangu mdogo akaacha mwiko kwenye chungu. "Vinasaba? Wewe umekwenda kupima vinasaba vya mtoto wangu?" "Daktari ndo kataka." "Daktari ndo kalala na wewe ukamzaa huyu mtoto, au mie? Unanidhania nini?" "Mie sidhani kitu." "Basi nenda kale kwa vinasaba." Akala kwangu, siku si haba, nami nikampa ukoko na kumwuliza kila asubuhi kama mtoto keshakuwa wake.

Majibu yalichelewa. Damu ilipelekwa Dar, ikatoka huko ikapanda ndege, ikafika kwa watu ambao mlima wetu hawajawahi kuuota. Mahindi yaliyokuwa yanachanua siku ya kutoa damu tulishayavuna tukayapukuchua ndo simu ikapigwa Kihonda.

Daktari alimwita mama wa Kihonda peke yake ndani, mtoto akabaki kwenye benchi la nje, mlango haukufungika vizuri. "Mama, nitakuuliza swali, usiogope. Huyu mtoto ulimzaa wewe mwenyewe?"

"Ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Alizaliwa hospitali gani? Wodini hakukuwa na mchanganyiko wowote?"

"Ni mwanangu, daktari."

"Kwa sababu vipimo vyako na vyake..."

Hakungoja vipimo. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, na swali lenyewe linatoka kwa mtu mwenye koti jeupe na karatasi kutoka ng'ambo. Alichosikia yeye ni kwamba anaambiwa mwizi wa mtoto. Akachukua mkoba, akamshika mtoto mkono, akatokea geti la nyuma. Simu akazima. Nesi wa hapo hospitali akamfuata mpaka nje anaita, "Mama, mama, rudi," na kila akiitwa mama alizidi kukaza mwendo.

Alifika kwangu kwa bodaboda, mkoba kifuani, macho yamevimba. Dereva alikuwa kijana wa mjini, ananiambia kwa siri, "Bi mkubwa, huyu sista kalia kuanzia Bigwa kule chini, mi nikajua msiba, nikapunguza moto." Nikamwambia asante mwanangu, hakuna msiba, kuna wazimu.

Tukakaa jikoni: mie, mabinti wawili, mtoto katikati. Mkwe akasimama mlangoni kama mlango wa pili.

"Watanichukulia mtoto," akasema mkubwa. "Sirudi pale. Nitampeleka kwingine."

"Kwingine wapi?" nikamwuliza. "Kwa yule wa spika?"

Mtoto ndo alisema. Hakuwa na utani hata kidogo usoni. "Bibi, kabla mama hajaitwa ndani nilimsikia daktari anamwambia nesi. Alisema dawa ipo, vidonge. Alisema hawezi kunipa mpaka ajue damu ni yangu kweli au wamekosea chupa. Mama katoka kabla hajajua."

Halafu mdogo, aliyekuwa anamenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa, "Dada, kwani shida nini? Si ungemwambia tu kwamba mie ndo nilimzaa."

"Nikisema hivyo, mimi nabaki nani?"

"Unabaki mama yake."

"Pale hospitali nabaki nani? Wenyewe wanaandika jina moja. Mimi ndo nilikesha na homa zake. Mimi ndo nimesuguana na yule nesi. Leo niseme hapana, huyu si wangu, niliazima?"

Mdogo akaweka kisu chini. "Nani kasema umeazima? Mie nilikupa. Mtu akipewa hajaazima." Kisha akaongeza, taratibu, "Na hata mie mwenyewe unanikemea kama ulinizaa wewe."

Niliona mkubwa hacheki wala halii tena, amekwama tu. Mtu akikwama mie dawa yangu ni moja. Nikavaa kanga begani kama koti, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mke mwenzangu, "Wewe uwe mama yako wa Kihonda. Mie daktari." Daktari sikuwa nimemwona, lakini nilikuwa nimemsikia kwa mwanangu, inatosha. Nikanyamaza kwanza, kama anavyonyamaza. Nikamshika shingo. "Mama, huyu mtoto ulimzaa kwa mkono gani?" Na yule mtoto, kwa sauti ya Kihonda yenyewe, pua juu, mkoba wa mama yake begani unaburuza chini: "Daktari mimi nipo bize, nina sare za watu, kama damu haitoshi chukua ya shemeji." Mkwe akacheka kule mlangoni mpaka akashika mwimo. Mkubwa akajifunika uso na mikono, mabega yanatikisika, na sisi wote tukawa hatujui kama analia au anacheka, mpaka akasema, "Mimi siongei hivyo." Tukajua anacheka.

Asubuhi tukateremka wote.

Chumba cha daktari kilijaa. Mwenyewe akasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndo unatugawia watoto upya?" Nikamtazama vizuri, nikasikia na lafudhi. "Kwenu wapi?"

"Tabora, bibi. Mnyamwezi."

"Ah. Mtani. Sasa nimekupata. Ninyi enzi za misafara mlipita hapa kwetu na mizigo kichwani, tukawapa maji, tukawapa na ndizi. Leo umerudi na koti jeupe unachukua mtoto?"

Alicheka, na alipocheka nikaona umri wake, ni mtoto tu. "Mimi sichukui mtoto, bibi. Natafuta kipande cha kanga." Akachomoa kiti nikae, na akaanza kueleza, taratibu, neno la Kiingereza likimponyoka analirudisha mdomoni analileta la Kiswahili.

Mwili, alisema, una maelekezo, na kila elekezo limekuja kama doti ya kanga, vipande viwili. Kimoja umepewa na mama, kingine na baba. Kimoja kikichanika, unajifunga kile kizima na hakuna anayejua. Vikichanika vyote viwili ndo mtu anabaki uchi. Na mzazi akigawa, hagawi doti nzima, anachomoa kipande kimoja bila kuangalia. "Sasa elekezo tunalolizungumzia ni la seleni. Seleni inatoka kwenye udongo, inaingia kwenye mahindi, kwenye samaki, kwenye mayai, inafika mwilini. Inatakiwa iwekwe mahali maalumu kwenye vitu ambavyo mwili unavitengeneza. Kuna alama inaonyesha, weka hapa. Mwili wa huyu mtoto hauisomi vizuri ile alama, ndo maana ile dawa ya tezi haigeuki ikafanya kazi."

Binti yangu mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Hapo akakiinua. "Kama vifungo," akasema. "Shati lipo, vifungo vipo kwenye kopo. Fundi haoni alama ya chaki."

"Kama vifungo," daktari akasema. "Shati linatoka halifungiki."

"Kwa hiyo mimi na lile kopo la stendi nilikuwa nammwagia vifungo."

"Ulikuwa unatafuta, mama. Usijilaumu."

Kisha akaweka kalamu mezani, akaipanga sawasawa, nikaona anaingia kwenye lile alilokimbiwa. "Baba ana kipande kimoja kimechanika, kimoja kizima. Mtoto vyote viwili vimechanika. Mama huyu," akamwonyesha mkubwa, pole pole, "vyake vyote vizima. Sasa kipande cha pili mtoto kakitoa wapi? Labda maabara walichanganya chupa. Na kama walichanganya, hivi vidonge, ambavyo ni ile dawa ya tezi ikiwa imeshageuzwa, siwezi kumpa, vinaweza kumwendesha moyo mbio bure. Ndo maana niliuliza."

Mdogo akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Kakitoa kwangu."

"Na wewe ni nani?"

"Mama yake."

Daktari akamtazama mkubwa. "Na huyu?"

"Mama yake," akasema mdogo, hata hakusita.

Daktari akageuka kwa mtoto. Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo. Daktari akakata mstari kwenye faili lake, akasema, "Mimi niliuliza mama, nikaletewa mama. Nilitakiwa niulize tumbo." Akamgeukia mkubwa, akamwambia maneno ambayo nilimpendea: "Mama, dawa hii inanywewa mara kadhaa kwa siku, nusu nusu, kwa saa zake, miaka. Mtu wa kuisimamia ni wewe. Huyu mwenzako namtaka damu tu." Mkubwa akashusha pumzi ambayo naamini ilikuwa imekaa tumboni tangu Bigwa.

Tulidhani yamekwisha. Daktari akachukua tena kalamu. "Kitu kimoja kinanisumbua. Kipande hiki kilichochanika ni cha nadra, na baba na mama kila mmoja anacho. Mliniambia hamna undugu."

"Hatuna," akasema mkwe.

"Hawana," nikasema na mie. "Huyu mwanaume ni mtoto wa kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja."

"Bibi, huo ndo undugu."

"Huo si undugu, mtani. Huo ni utani."

Hakucheka. Alichora pale kwenye karatasi, duara na miraba, mie na kaka yangu juu, watoto wetu chini yetu, na huyu mke mwenzangu chini kabisa, mistari miwili inamshukia. Alisema kwa hesabu yake damu haina habari na lukolo. Inatoka kwa mama na inatoka kwa baba sawa kwa sawa. Mie na kaka yangu tulichota kutoka doti zilezile za wazazi wetu, na wote wawili tukaangukia kipande kilekile kibovu, tukakaa nacho maisha yote bila kujua, kwa sababu kile kingine kilikuwa kizima. "Si kosa la mtu," akasema. "Kila mtu humu hospitalini ana kanga iliyochanika mahali. Hata mimi. Ila ndugu wakioana vipande vinavyofanana vinaweza kukutana."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ni mama yangu au ni baba yangu?"

"Hatuwezi kujua sasa, bibi. Mmoja wao."

"Basi weka baba," nikasema, na wote wakacheka, na mie nikacheka. Lakini njiani kurudi nilikuwa nalifikiria. Baba yangu kwetu sisi alikuwa mgeni. Shamba tunalolima ni la mama yetu na mama yake mama. Alipokufa, watu wa ukoo wake walikuja, wakamlilia vizuri, wakachukua jembe lake na joho lake, wakaondoka, na sisi tukasema baba kaenda na vyake. Nilidhani kweli kaenda na vyote. Sikuwahi kukaa nikajiuliza kitu gani chake kimebaki ndani yangu mie. Sura, watu walisema, na huko kuiga sauti, maana alikuwa akimwiga mwadhini mpaka watu wanaanza kutawadha. Sasa huenda na hicho kipande. Au ni mama, na baba nimemsingizia. Vyovyote iwavyo, kuna kitu kimetembea kutoka kwao mpaka kwa mtoto huyu kwa njia ambayo sisi hatuihesabu, kikipita kwa kaka yangu, kikipita kwangu, kimya, na sisi tunacheza ngoma ya harusi.

Binti yangu mdogo alimwuliza daktari kama asizae tena. Daktari akamwambia kila mtoto anachota upya, anaweza kuangukia pazuri kama hawa wavulana wake, anaweza asiangukie, na kwamba uamuzi ni wao wawili. Binti yangu na mume wake walikaa kiti cha nyuma kwenye gari wakirudi, kila mmoja anatazama dirisha lake. Mpaka leo sijawauliza. Kuna mambo mtu hata akiwa bibi na shangazi na mkwe kwa mpigo hana ruhusa ya kuyatania.

Damu ya mama wa juu ilithibitisha. Vidonge vikaanza. Mkubwa anavikata kwa wembe juu ya meza ya cherehani, na amemshonea mtoto kimfuko cha shuleni cha kile cha mchana. Mwanzo hatukuona kitu. Mie nilikuwa nampigia mke mwenzangu namwuliza, "Umefika wapi?" anajibu, "Palepale bibi, kwenye foleni." Nywele zikajaa kwanza. Kisha akaacha kuvaa soksi za joto. Kisha mwalimu akamwambia asikae tena dawati la mbele, anawaziba wengine, na hiyo niliambiwa kama vile kapewa cheti.

Juzi simu ikaita alfajiri, mama wa Kihonda, sauti ya mjini imeanguka yote, imebaki ya mlimani tupu. "Mama, mtoto kaamka analia. Magoti yanamwuma, na mapaja. Nimempaka mafuta, hayatulii. Sijui ni hivi vidonge. Nimpeleke?"

"Mpeleke," nikamwambia, maana na mie nilishtuka.

Akapiga tena saa za mchana. Daktari kamshika magoti, kamgeuza, kampiga tena picha ya kiganja, kanyamaza kama kawaida yake mpaka binti yangu akataka kuzimia. Kisha kamwambia hakuna ugonjwa. Mifupa inanyooka, misuli inavutwa, watoto wengi wanaumwa hivyo wakiwa wanakua, huyu tu kachelewa kuanza.

"Kwa hiyo tufanye nini?" binti yangu alimwuliza.

"Mkande na maji ya moto. Na mvumilie."

Nikaomba nipewe mtoto. "Mke mwenzangu, nasikia unaumwa."

"Naumwa sana, bibi," akasema, na sauti yenyewe ilikuwa imejaa raha, kama mtu anayetaja zawadi. "Mguu wa kulia ndo umezidi."

"Basi umwambie na wa kushoto uharakishe," nikamwambia. "Usije ukaja kwangu unachechemea."